Mstari wa Juu wa Jedwali

Bukoba, 11 Februari 1991

Kaka Theoneste,

Fomu zako mia mbili na kumi zimefika salama, ila namba 88 imemwagikiwa utomvu wa ndizi mpaka kurasa mbili zimegandana. Nilijua tu ulikuwa unaandikia jikoni kwa watu ukisubiri kukaribishwa. Hujabadilika tangu shule ya msingi. Baba yangu aliniandikia kwamba umeizunguka Kamuli kwa miguu mpaka viatu vimeachia soli. Pole sana.

Mimi tangu Krismasi nimeketi mbele ya kompyuta ya mradi, macho yananiwasha. Acha nikueleze ninachofanya, maana najua watu watakuuliza. Majibu ya kila fomu nayaingiza kwa tarakimu, mwenyeji 1, mgeni 2. Kisha naiuliza programu ya takwimu: ni kitu gani kinakwenda pamoja na wingi wa fukusi, huyu mdudu anayetoboa shina, kwenye migomba ya kaya? Ukubwa wa kibanja chenye hiyo migomba? Samadi? Nyasi za kutandaza? Asili ya mwenye kaya? Kila nikiuliza kwa mchanganyiko mwingine, inanipa kadirio moja. Nalipa jina, nalihifadhi kwenye disketi. Yakishakuwa mengi naiamuru iyapange kwenye jedwali, kila kadirio na safu yake, kila jambo na mstari wake. Mimi ndiye ninayechagua makadirio gani yaingie na gani yabaki kwenye disketi, mstari gani ukae juu na gani chini. Jambo lenye uzito mashine inaliwekea nyota. Nyota tatu maana yake ni vigumu kusema limetokea kwa bahati tu.

Sasa Theo, naogopa. Kadirio la kwanza niliuliza asili peke yake, zikatoka nyota tatu. Kaya za wageni, ndivyo fomu inavyowaita mliotoka Rwanda na Burundi hata kama mmekaa miaka thelathini, zina fukusi karibu mara mbili ya wenyeji. La pili nikaongeza ukubwa wa kibanja, nyota zikabaki tatu. La tatu nikaongeza samadi na nyasi, zikabaki mbili. La nne nikaongeza swali lako la 23, machipukizi ya migomba yalitoka wapi, nikidhani hapo asili itaanguka. Haikuanguka.

Bwana Kahigi, mkuu wa mradi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu karatasi ikitoka. Akasema, "Huo mstari wa asili upandishe juu kabisa. Wilayani watu wana shughuli nyingi, wanasoma mstari wa kwanza." Akasema pia safu mbili za mwanzo zinatosha, nyingine zinachanganya watu. Taarifa itapelekwa wilayani tarehe 25 Aprili.

Swali la 23 linanisumbua. Kaya 131 zimejibu "nilitafuta mwenyewe". Mtu aliyefika na mtoto mgongoni na sufuria kichwani alitafuta wapi? Niambie kama ndivyo walivyojibu.

Msalimie mama yako, Mama Therese. Mwambie maharage yake bado nayaota.

Ni mimi,
Kokuhirwa


Kishagazi, Kamuli, 24 Februari 1991

Dada Kokuhirwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaichoma. Usikasirike. Siku hizi karatasi yenye neno "asili" haikai vizuri ndani ya nyumba yetu.

Tangu vita vianze Rwanda, ng'ambo ya mto, mwezi wa kumi, salamu zimepungua. Watu wanaitikia huku wanatazama pembeni. Jumapili iliyopita Gaspari, mwenyekiti wa ile Kamati ya Fukusi, alisimama nje ya ghala la kahawa akasema taarifa inakuja kutoka Bukoba, itaonyesha nani kaleta mdudu Kishagazi. Migomba ya waliomleta itafyekwa, na wenyewe wataonyeshwa njia ya kurudi walikotoka. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Sijui alijuaje matokeo kabla mashine yako haijamaliza.

Kisha akanifuata. Anataka orodha ya nyumba nilizoziandikia 2 kwenye kisanduku cha asili. Nikamwambia fomu ziko Bukoba. Akacheka, akasema, "Vizuri, mwenye kompyuta ni binti wa Mzee Byabato, ni mtoto wetu." Dada, usiku huo sikula.

Kuhusu swali la 23, mimi niliandika nilichoambiwa. Sina la kuongeza. Ninachokuomba ni kimoja: huo mstari uweke popote, lakini usiuweke juu.

Mama anakusalimu.

T. Sebahire


Bukoba, 9 Machi 1991

Kaka Theo,

Barua yako ilikuwa kavu kama ya karani wa mahakama, nikajua kuna kitu. Nimekaa siku mbili nikijiuliza kama niandike hili. Naandika, na hii ichome pia.

Programu hii ina tabia moja. Ukishakadiria, unaweza kuiambia ikutajie kaya ambazo haziendani na wenzake, zilizo mbali sana na pale zilipotarajiwa. Nikaiambia ipange, iliyo mbali zaidi itangulie. Ikatangulia namba 147. Kaya ya mwenyeji, ina kibanja kidogo, inatandaza nyasi vizuri, samadi ipo, na bado fukusi wamejaa kupita nyumba zote za wenyeji. Nikashangaa. Nikaenda kabatini kuitoa fomu.

Theo, 147 ni ya Mama Therese. Umemwandikia 1.

Sikulaumu hata kidogo. Nilipoona mwandiko wako kwenye kile kisanduku, ile moja uliyoikoleza wino mara mbili, machozi yalinitoka na karani mwenzangu akadhani ni macho ya kompyuta. Ila naogopa kuliko mwanzo. Bwana Kahigi akigundua, atasema mdadisi, yaani wewe, amechezea fomu. Mtu aliyechezea moja, nani ataamini mia mbili na tisa nyingine? Na wewe watakufanya nini huko?

Kuna jambo la pili. Jana aliniagiza nichape orodha ya kaya zenye fukusi wengi, mbaya zaidi ianze, zikiwa na asili pembeni. Amesema ni namba tu, si majina. Lakini kitabu cha namba na majina kiko kwenye kabati hilohilo. Nimemwambia utepe wa printa umeisha wino. Uongo huo hautafika wiki ijayo.

Nakuuliza tena swali la 23, na safari hii nijibu kama ulivyokuwa ukinijibu tukichunga mbuzi. Machipukizi yalitoka wapi?

Kokuhirwa


Kishagazi, 18 Machi 1991

Dada yangu,

Ni kweli. Niliandika 1.

Nilimhoji mama mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda chake, kana kwamba simjui. Nilipofika kwenye asili, akasema, "Andika mbili, mimi nimetoka Rwanda, kila mtu anajua." Nikamwambia sawa mama, nimeandika. Hajui kusoma. Nilimdanganya mama yangu akinitazama usoni. Nilijua tangu siku ile kwamba mtu anayehesabu watu kwa kisanduku kama kile hahesabu ndizi peke yake. Waliobaki niliwaandikia ukweli kwa sababu niliajiriwa kuandika ukweli, na hilo ndilo linalonichoma. Nilimficha wangu, nikawaacha wa wenzangu nje.

Sasa swali la 23. Wewe ni mtoto wa mwenye kibanja anayegawa ardhi, huenda hukulijua jambo hili kwa upande wetu. Mtu akikupa mahali pa kukaa, anakupa na machipukizi ya kuanzia. Unayapokea kwa mikono miwili, unayapanda siku hiyohiyo na udongo wake kama ulivyo. Bwana shamba anasema tumenye lile shina la chini, tutoe mizizi na udongo, tuone kama kuna funza wa fukusi. Lakini kulimenya mbele ya aliyekupa ni kumwambia nyumba yake ni chafu. Hakuna mgeni atakayefanya hivyo. Nilimwona mtu mmoja akifanya hivyo nilipokuwa mdogo, na mwaka haukuisha akahama.

Na wale waliooa, vijana wa wenyeji walioanzishiwa vibanja na wazee, wanashika adabu hiyohiyo.

Sasa mimi nafika na fomu. Mwenye kibanja anasikia mtu wa mradi yupo, anakuja kukaa na kusikiliza, ni haki yake. Nauliza, machipukizi ulipata wapi? Mtu anamtazama aliyempa, anatazama migomba yake iliyoanguka, anasema, "Nilitafuta mwenyewe." Angesema nini? Hata mama alisema hivyo. Nikaandika kama walivyosema. Nilijua na nikaandika.

Usiniulize aliyetoa ni nani.

Jumatano watu wa Gaspari walifyeka nusu ya migomba ya Twagirayezu, mgeni mwenzetu. Saa nne asubuhi, watu wanatazama, vijana wa ulinzi na mapanga yao. Hawakusubiri taarifa yenu. Alisimama na kofia mkononi akiwaomba wauache mmoja uliokuwa na mkungu unaokaribia kukomaa. Waliuacha, kisha mmoja akarudi akaukata.

Theoneste


Bukoba, 28 Machi 1991

Theo,

Huna haja ya kuniambia. Mimi ndiye niliyebeba kikapu.

Kila mvua za kwanza baba aling'oa machipukizi kwenye kibanja cha chini, kile kilichokuwa kimeanza kuanguka, akasema mgomba ukihama unapona. Mimi na marehemu kaka tukayasambaza kwa watu. Tulipita kwenu. Mama Therese alitupa maharage kwenye jani, akapokea machipukizi akipiga magoti, mtu mzima mbele ya watoto wadogo. Nilijisikia mkubwa siku hiyo. Leo nataka kujificha chini ya meza.

Nikuambie ukweli wangu pia, kwa kuwa wewe umeniambia wako. Tangu nilipoliona swali la 23 nilijua. Nilikuuliza kwa kuzungukazunguka nikitumaini utanipa jibu lingine. Na baada ya barua yako nilikaa siku tatu nikiwaza kunyamaza. Baba ni mzee wa usharika. Jina la Byabato ndilo lililonisomesha.

Lakini safu mbili za Bwana Kahigi zitawafukuza watu, na mimi ndiye nitakayezichapa.

Sikiliza. Siwezi kubadilisha jibu kutoka hapa, hata la mama yako. Nikibadilisha mezani nitakuwa kama wao. Rudi kwenye zile nyumba 131, wageni na wenyeji, uwaulize upya swali moja tu, mwenye kibanja akiwa hayupo. Nakutumia fomu fupi. Nikizipata kabla ya tarehe 22 Aprili nitafanya kadirio la tano. Kama dhana yetu, kwamba mdudu alikuja na machipukizi ya kupewa, ni ya kweli itaonekana. Kama si kweli, nitaandika kwamba si kweli.

Nenda mchana, kwenye njia zenye watu. Naomba sana.

Kokuhirwa


Kishagazi, 9 Aprili 1991

Mwanangu Kokuhirwa,

Nimepokea salamu zako kupitia kwa mchungaji. Mimi na mama yako hatujambo, ila goti linaniuma mvua ikinyesha.

Ninaandika kwa sababu nimesikia mtoto wa Therese anazunguka tena na karatasi, anaingia nyumba za watu wenyewe wakiwa shambani, anauliza habari za machipukizi na nani aliyetoa. Ameuliza hata kwa Kamugisha, mtoto wa ndugu yangu. Watu wananitazama kanisani. Tangu mwaka 1961 nimewapa watu ardhi, nimewapa migomba, sijamdai mtu hata mkungu mmoja wa shukrani. Leo niulizwe kama mwizi?

Anasema ametumwa na ofisi yenu. Kama ni wewe uliyemtuma, muachishe. Kama si wewe, basi ni mwongo. Nimeshamwambia Gaspari azungumze naye.

Nenda kanisani, kula vizuri, na uniletee dawa ya goti ukija.

Baba yako,
Byabato


Bukoba, 15 Aprili 1991

Theo,

Hii ni barua ya tatu. Mbili hujazijibu. Nimempa mwalimu Adelgunda wa parokiani aifikishe mkononi mwako, maana hiyo njia nyingine siiamini tena.

Baba ameniandikia kwamba amemwambia Gaspari azungumze nawe. Nimelisoma hilo neno "azungumze" mara nyingi mpaka halina maana tena. Acha fomu. Zitupe. Nenda Kiruruma kwa mjomba wako. Kadirio la tano si kitu kama wewe hupo.

Orodha nimechapa. Nisamehe. Bwana Kahigi alileta utepe mpya mwenyewe, akakaa pembeni akisubiri. Karatasi ilikuwa inatoka na mimi nahesabu mistari yenye 2 ikishuka. Ameiweka kwenye mkoba wake. Kitabu cha majina nimekificha nyumbani kwangu, chini ya gunia la mkaa, na kila mtu akibisha hodi moyo unanipasuka.

Nijibu hata neno moja.

Kokuhirwa


Kishagazi, 19 Aprili 1991

Mwanangu Kokuhirwa,

Ni mimi Therese Mukashema, mama yake Theoneste. Anaandika mwalimu Adelgunda, mimi ninasema. Nimemwomba aandike ninavyosema bila kunisahihisha.

Mwanangu yupo hai. Watu wa Gaspari walimchukua tarehe kumi, walimweka kwenye ghala siku mbili, wakazichoma karatasi zake mbele yake. Alikuwa amefika nyumba sitini. Meno mawili hana. Amekwenda Kiruruma na haandiki kwa sababu vidole vya mkono wa kulia vimevunjwa. Usilie, au lia kisha uendelee kusoma.

Alipokuwa anaondoka aliniambia kila kitu, na hilo la kisanduku changu aliniambia akipiga magoti. Nilimpiga kofi kwenye bega, kisha nikamkumbatia. Hajawahi kunidanganya huyu, na aliponidanganya alinidanganya ili niishi.

Sasa wanaume wanaogopana, tunajua. Lakini machipukizi ya Kishagazi nani aliyapanda? Ni sisi wanawake. Mwanamume anapewa, mwanamke anachimba shimo. Tulipokuwa tunachambua kahawa ya parokia, niliwauliza wenzangu mmoja mmoja. Walioko kwa Walutheri waliulizwa na mke wa Kamugisha, yaani wifi yako Celestina, naye ni mtu wa nyumba yenu lakini amesema kweli. Siku sita tu. Hakuna aliyeshangaa kuona wanawake wanaongea. Nyumba zote 131 tumezipata, na zile sitini tumeziuliza upya. Mwalimu Adelgunda ameandika kila jibu, na kila mama ameweka dole gumba mwenyewe. Karatasi zimo humu, zimefungwa kwenye kitambaa changu cha kichwa. Nirudishie kitambaa.

Ya mwisho ni yangu. Nimemwambia Adelgunda aandike hivi, na dole langu liko chini yake: Namba 147, Therese Mukashema. Asili, mbili. Nilitoka Rwanda nikiwa na Theoneste mgongoni. Machipukizi nilipewa na Byabato, nililetewa na watoto wake wawili kwenye kikapu. Nimekula hiyo migomba miaka zaidi ya ishirini, na ninamshukuru aliyenipa, na ilikuwa na fukusi. Yote matatu ni kweli. Andika yote matatu.

Wakinifukuza kwa sababu ya hiyo mbili, basi nitaondoka nikiwa mimi.

Therese, mama yako


Bukoba, 24 Aprili 1991

Baba mpendwa, shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu pia.

Nimeandika barua hii mara nne. Ninaogopa kukuandikia kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, lakini taarifa inapelekwa wilayani kesho, na ni bora uyasikie kwangu.

Mimi ndiye niliyemtuma Theoneste. Vidole vyake vimevunjwa kwa kazi yangu.

Nimepata majibu mapya ya swali la 23, nimefanya kadirio la tano. Baba, asili imeanguka. Haina nyota hata moja. Wageni kumi na watatu waliochukua machipukizi Kituntu kwa ndugu zao, migomba yao ni mizima kama ya mwenyeji yeyote. Na wenyeji ishirini na wawili walioanzishiwa na kibanja chetu cha chini, Kamugisha akiwemo, migomba yao inaumwa sawa na ya kina Twagirayezu. Mdudu hakutoka ng'ambo. Alitoka kwetu, kwenye kikapu nilichobeba mimi. Hukujua, baba, na mimi sikujua. Ulitoa kwa moyo mweupe na hilo nitamwambia kila mtu.

Nimepanga jedwali upya. Safu zote tano zimo, hata zile mbili alizozitaka Bwana Kahigi, maana sitaki mtu aseme nimeficha. Mstari wa juu ni "machipukizi ya kupewa bila kumenywa", nyota tatu. Asili iko mstari wa mwisho.

Bwana Kahigi aliliona akabadilika rangi. Akasema wilayani wanasubiri jibu lingine, akasema karatasi zenye dole gumba za akina mama si utafiti, akaniambia niiondoe safu ya tano au niandike barua ya kuacha kazi. Nikamwambia, "Mzee, nyumba ya kwanza iliyotoa hayo machipukizi ni ya baba yangu. Kama ningekuwa natunga, ningemtunga baba yangu?"

Akavua miwani, akaifuta, akatia sahihi. Sijui kesho atabadili mawazo. Sijui wilayani watasoma au watalitupa. Orodha ile aliyokuwa nayo amenirudishia, nimeichana, lakini simwamini mtu kwamba hakuna nakala. Kitabu cha majina nimekificha nyumbani kwangu, chini ya gunia la mkaa.

Wakiikubali taarifa, wataalamu watakuja Kishagazi wiki ijayo. Wataanza na kibanja cha chini. Baba, nakuomba usimame mlangoni uwapokee. Kama hutaki tena niitwe binti yako, nitakuelewa, ila wapokee kwanza.

Mtoto wako,
Kokuhirwa


Kishagazi, 6 Mei 1991

Kokuhirwa,

Barua yako niliiweka kwenye Biblia siku mbili bila kuifungua mara ya pili.

Wataalamu walikuja Alhamisi. Niliwapokea. Gaspari alikuja nao na watu wake, wamebeba mapanga, wakidhani wanaelekezwa kwa kina Twagirayezu. Yule kijana wa wilayani akafungua karatasi yako, akasoma mstari wa juu kwa sauti. Gaspari akasema kuna makosa, asome vizuri. Akasoma tena. Nikaona vijana wanatazama chini, kwa sababu nusu yao migomba yao ilitoka kwangu.

Mimi nilimwambia Gaspari neno moja juu ya mtoto wa Therese, nikadhani ni neno dogo. Hilo litakaa na mimi. Nimepanda baiskeli ya mchungaji mpaka Kiruruma, na goti hili. Kijana huyo aliniamkia shikamoo kwa mkono wa kushoto, wa kulia hauwezi. Nilijibu marahaba, kwa sababu ndilo jibu.

Kibanja cha chini kinang'olewa chote. Kwa ajili ya kuanza upya wameleta machipukizi safi, na wataalamu walitaka mtu wa kuonyesha wengine jinsi ya kumenya. Watu walikuwa wamejaa, hakuna aliyesogea. Wote walinitazama mimi. Nikachukua chipukizi moja kwenye shamba langu mwenyewe, nikamkabidhi Therese kwa mikono miwili, nikampa na kisu changu. Nikamwambia, "Limenye, mama. Hapahapa mbele yangu." Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakaa chini, penye udongo, ili awe amesimama juu yangu.

Akalimenya. Machozi yalikuwa yanamtoka. Ndani walikuwemo funza watano. Aliwahesabu kwa sauti, na watu wote walisikia.

Hakuna aliyefyekewa tangu siku hiyo. Lakini usidanganyike, Kokuhirwa. Redio kila jioni inaongea mambo ya ng'ambo, na Gaspari bado ana watu wake. Juzi nilimwona akipita nyumba hadi nyumba akitazama milango, akiandika kitu kwenye daftari. Kuhusu kile kitabu cha majina ulichoficha chini ya mkaa, usikirudishe kabatini. Kichome. Na ile mashine yako, kama umeiwekea zile mbili za asili za watu, iamuru izisahau.

Kitambaa cha Therese kimefika. Amekivaa.

Dawa ya goti ukija usisahau.

Baba yako,
Byabato